Picha ya Pili ya Mkungu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo mimi, Nyangau wa Magwagwa, nimekuwa mtu wa kwanza katika Nyamira nzima kuandika shajara kwenye kompyuta!

Sawa. Ni simu. Tena simu iliyochoka, niliyorithi kwa mwanangu Omosa, badala ya yeye kurithi kwangu. Na wa kwanza si mimi. Jirani yangu Ogeto anaandika habari za ng'ombe wake kwenye simu tangu Januari. Lakini yeye anaandika maziwa tu. Mimi naandika ukweli.

Naandikia chooni. Ndipo mahali pekee mke wangu Ruth hanifuati. Ruth ni karani wa kanisa, mtu wa Sabato, na anasoma kila kitu: gazeti lililofungiwa nyama, barua za watu, mpaka yale maandishi madogo kama siafu chini ya chupa ya dawa ya kupe. Kwa hiyo shajara nimeipa jina la uongo. Ndani ni maneno matupu, lakini jina lake ni mkungu2.jpg. Hiyo jpg ya mwisho ndiyo inayoiambia dunia kwamba hii ni picha. Ruth akipekua simu yangu anakuta kiboksi cha kijivu, anasema simu imeoza, anapita. Jina limemtosha! Watu husoma jina tu. Ndiyo maana Ogeto anaitwa mzee wa heshima.

Ujanja huu ni ule ule wa thamosi yangu. Nimeiandika kwa rangi nyekundu: CHAI YA MZEE. Ndani ni pombe, busaa. Wiki mbili sasa, amani tupu.

Kichwa cha shajara nimekipamba. Mwezi uliopita Firdaus, yule mama mwenye saiba, duka la kompyuta, pale Nyamira mjini, alinitengenezea tangazo la beberu wangu. Akanionyesha kwamba ukiandika neno fulani refu la Kizungu, ukalizingira na alama mbili zilizochongoka kama midomo ya kuku, maneno yako yanakuwa makubwa na yanatembea kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto. Yanatembea yenyewe! Nililinakili kwenye karatasi. Sasa shajara yangu inaanza na midomo ya kuku. Humu ninamoandikia hayatembei, yamekaa tu. Lakini ni heshima.

Habari kubwa: ushirika wetu wa wakulima wa ndizi unatafuta mkungu bora wa mwaka. Unatuma picha kwenye ukurasa wa ushirika. Zawadi ni tangi la maji, lita elfu mbili.

Ruth ameshasema mara nne kwamba analitaka tangi hilo. Anapanda kutoka chemchemi na mtungi mgongoni mara tatu kwa siku, na goti lake la kushoto linalia kama mlango wa kanisa. Nimemshauri akanyagie zaidi la kulia. Hakushukuru.

Nimechungulia kwa Ogeto kupitia ua. Mkungu wake una vichane kumi na viwili. Wangu una vitano. Nimefikiri sana. Nimepata dawa.


Jumanne, 10 Juni

Kazi imekwisha. Mimi ni hatari.

Mkungu wangu wa vichane vitano niliupanda mwenyewe, maana yake niliutazama ukimea. Ruth naye ana mmoja nyuma ya jiko, pale anapomwaga majivu na maji ya vyombo. Ni mkubwa kiasi. Sikuhesabu vichane vyake. Kadi ya ushirika ina jina langu, mkungu wa mke nitauhesabia nini?

Ruth alipokwenda chemchemi nikaukata wa kwangu, nikauning'iniza chini ya wa kwake, nikafunga kwa waya. Mkungu mmoja! Mrefu kama ngazi! Rafiki yangu Machogu alishika huku nikikaza. Nimemwambia kazi hii haijalipa deni lake. Mwezi wa nne nilimshikia ngazi saa tatu nzima akipigilia mabati, siafu wakinipanda mpaka kwenye mapaja. Leo yeye alishika ndizi akiwa amekaa kwenye ndoo. Si sawa kabisa.

Picha ya mbele ni malaika. Picha ya ubavuni ni shetani: waya unaonekana wote, na kidole gumba cha Machogu pia.

Na masharti yanataka picha mbili! Mbele na ubavuni. Nani aliandika masharti haya? Obwocha, mwenyekiti wetu, ambaye anatembea kama bata aliyemeza gunzi. Hana jambo lingine la kufanya.

Nikakaa chooni nikatafakari. Kisha mwanga. Nina mkungu2.jpg tayari! Jina linasema ni picha ya mkungu. Nikiituma hiyo, wao wataona kiboksi cha kijivu kama Ruth, watasema pole mzee, mtandao umeila. Nani atabishana na mtandao? Na wakija kukagua mkungu wenyewe, nitasema tumbili wamekula ile nusu ya chini.

Nimewaza pia kama kuna hatari. Hakuna. Machogu hatasema, maana akifungua mdomo analala. (Kanisani sala zake ni ndefu kwa sababu hiyo hiyo.) Ogeto naye yuko bize na meno yake ya bandia. Anayavaa kupiga picha, anayavua kula.

Nimetuma zote mbili. Ukurasa umesema: Asante mkulima, picha zako zimepokelewa. PICHA zako! Imekubali jina. Nimekunywa chai ya mzee vikombe viwili.


Jumatano, 11 Juni

Mungu wangu.

Asubuhi nilipita sokoni. Mama anayeuza mboga za chinsaga akaniuliza kama nimebakiwa na waya. Nikadhani ana ua wa kujenga. Mwenye duka la nyama akatembea kama bata mbele yangu mpaka kona. Nikadhani ni mgongo. Nikamshauri ajikande na maji ya moto.

Saa nne mkutano wa ushirika. Ukumbi umejaa. Obwocha ameazima mashine ile ya kurusha picha ukutani. Ikaja picha yangu ya kwanza. Watu wakapiga mluzi. Nikasimama kidogo ili wanione vizuri.

Ikaja ya pili.

Haikuwa kijivu. Maneno makubwa, marefu kama ng'ombe, yakaanza kutoka upande wa kulia wa ukuta, yakatembea taratibu mpaka kushoto: SHAJARA YA SIRI YA NYANGAU. USISOME. Yakafika mwisho, yakarudi tena. Chini yake, mambo yangu yote. Jumatatu yote. Jumanne yote mpaka pale kwenye meno.

Obwocha akasoma kwa sauti, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti na alidhani ni risala. Alipofika kwenye bata hakusimama, akaendelea kwa sauti ile ile ya risala. Alipomaliza akainuka kwenda kuzima mashine. Ni hatua kumi hivi. Ukumbi mzima ukamtazama anavyotembea. 

Kisha kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile tangu padri alipoanguka mtoni.

Ogeto alikuwa amefunga mdomo wake kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Akaniambia huku midomo imebana kwamba tutaonana, omogaka, yaani mzee.

Machogu alisema yeye hajalala kanisani hata siku moja, anatafakari.

Ruth alikuwa benchi la nyuma. Hakucheka. Alikuwa anatazama pale palipoandikwa thamosi. Baadaye akainua mkono, akauliza swali moja tu: kama ule mkungu wa nyuma ya jiko, bila waya wala Nyangau, unaweza kuingizwa na aliyeupanda. Obwocha akasema mimi nimefungiwa mwaka huu na mwaka ujao, lakini Mama Omosa anaweza kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe, kwenye ukurasa, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Dakika moja ikipita, basi.

Nilifika nyumbani nikakuta thamosi imeoshwa, imening'inizwa kichwa chini kwenye ua.


Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Nyamira kumgombeza Firdaus. Yeye ndiye aliyetengeneza ukurasa wa ushirika. Nilijipanga na maneno makali. Nikamuuliza anatoa wapi ruhusa ya kufungua picha za watu.

Akaniuliza nani alinifundisha kuweka midomo ya kuku juu ya shajara. Nikasema wewe. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema astaghfirullah, mzee wangu.

Halafu akaeleza. Eti wakulima wengi hutuma picha zenye majina ya ovyo. Mwingine anaiita picha "barua", mwingine haiiti kitu. Ili kutusaidia sisi wazee, aliiambia programu isijali jina. Inuse yaliyomo ndani, iamue yenyewe hiki ni kitu gani. Yangu ikaitwa picha, lakini programu iliponusa ikakuta midomo ya kuku. Ikasema aa, hii si picha, huu ni ukurasa wenye maagizo. Ikatii. Ikayatembeza.

Nikamwambia pua ni kitu kizuri. Nikamtolea mfano wa thamosi. Ruth aliniambia jana usiku wakati wa kula: kumbe alijua tangu siku ya pili. Hakusoma CHAI YA MZEE, alifungua kifuniko akanusa. Akaninyamazia wiki mbili ili aone nitasema uongo mara ngapi. Amehesabu arobaini na moja.

Firdaus akacheka mpaka ushungi ukamteremka. Kisha akasema, Mama Omosa ananusa halafu anamwaga. Programu yangu inanusa halafu inakunywa hapo hapo. Hilo ndilo kosa.

Akaacha kucheka. Akasema nimshukuru Mungu nilitia umbea tu. Mwingine angetia amri. Angeituma ikiitwa picha ya ndizi, na ndani yake agizo la kuiba neno la siri la kila mwanachama atakayeifungua. Wanachama mia tatu wangefungua, maana ni ndizi, nani anaogopa ndizi? Akasema tangu jana hajala vizuri akiwaza hilo. Jina la Firdaus ndilo liko chini ya ukurasa ule. Ukiharibika, hakuna ushirika mwingine utakaompa kazi.

Nikauliza kama hiyo amri ni ngumu kuandika. Kuuliza tu. Akasogeza kibodi mbali na mimi.

Dawa anayo. Ataiambia programu isome jina na inuse pia, na pua na jina zikikosana, faili litupwe nje. Lakini hataigusa mpaka kesho jioni usajili ukifungwa, maana akivuruga sasa fomu za watu zitapotea. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote kwamba mlango uko wazi.

Nimeapa.

Nimemwambia Machogu tu, na ile karatasi ya neno refu nikamwonyesha. Yeye si mtu yeyote, ni rafiki. Nilisahau kwamba dada yake ameolewa kwa Ogeto.

Saa kumi jioni imetokea "picha" ya ng'ombe wa Ogeto kwenye ukurasa. Hakuna ng'ombe. Yanatembea maneno, tena mekundu: NYANGAU WA VICHANE VITANO, NJOO NIKUAZIME KIMOJA.

Mekundu! Firdaus hakunionyesha mimi rangi.


Ijumaa, 13 Juni

Naandika bado nimelowa mvua.

Asubuhi nilimjibu Ogeto. Nilitengeneza faili, nikaliita beberu.jpg. Ndani: midomo ya kuku, neno refu, na OGETO ANAVUA MENO KABLA YA OBOKIMA, yaani ugali. Nikatuma. Karatasi yangu inasema ukimaliza maneno unatakiwa kufunga kwa midomo mingine ya kuku yenye kijiti katikati. Kwenye shajara nilinakili mpaka kijiti; safari hii sikufunga. Kufunga ni mambo ya watoto wa shule. Mimi niliishia darasa la sita na sina haja ya kufunga kitu.

Kumbe bila kufunga, kutembea hakuishi! Picha mpya hukaa juu kabisa ya ukurasa, na kila kilichokuwa chini yake kikaifuata. Meno ya Ogeto yakatembea. Tangazo la bei ya mbolea likatembea. Salamu za rambirambi za marehemu wa Kiogoro zikatembea, na picha ya marehemu ikiwa mbele. Nilicheka peke yangu chooni mpaka machozi.

Nikatoka nikamkuta Ruth mezani. Miwani imevaliwa. Simu yake mbele. Amejaza fomu yote: jina, kijiji, mkungu. Kilichobaki ni kubonyeza Tuma.

Na Tuma inatembea.

Inatokea kulia, inapita kama mbunge, inapotelea kushoto. Ruth ananyoosha kidole, anaikosa. Anangoja irudi, anaikosa. Alikuwa anaiwinda kama kuku wa mgeni. Mara ya tano akabonyeza Futa kwa bahati mbaya, kila kitu kikafutika. Akaanza upya. Hakulalamika. Akaniuliza tu kama huu ni mtandao mbaya. Nikasema mtandao wa siku hizi, Mama Omosa, ni wa kuombea.

Saa saba. Saa nane kasoro. Akachukua mkoba na mwavuli, akasema atakwenda Nyamira, Firdaus amwandikishe kwa mkono. Kufika barabarani kwenye boda ni kilima kizima, na mvua ilikuwa imeshaanza. Pale getini akasimama. Akashika nguzo. Akalisubiri goti liamue. Kisha akaenda.

Niliwaangalia kuku. Kuku wakaniangalia.

Nikampigia Firdaus. Simu imezimwa. Ijumaa! Wako kwenye sala ya adhuhuri, na yeye hafungui saiba mpaka saa nane na nusu. Nilipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akapokea.

Nikamwambia kwa uchungu kwamba Ogeto ameharibu ukurasa wa ushirika. Nikasikia anabonyeza. Akauliza maneno yaliyo mbele kabisa ni yapi. Nikamsomea. Akaniuliza, mzee wangu, Ogeto amejitangaza mwenyewe kwamba anavua meno?

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Basi nikaungama. Yote. Beberu, kijiti, Machogu, mpaka lile swali langu la amri. Maungamo yalikula salio lote la simu. Firdaus alisema maneno matatu ambayo sikuyaelewa na moja nililolielewa. Akasema hangoji jioni, na watakaopoteza fomu atawapigia mmoja mmoja awaombe radhi. Akalitupa beberu nje. Saa tisa na nusu ukurasa ukasimama tuli. Na mlango wa picha ameufunga pale pale.

Lakini Ruth hajui! Na sina salio!

Nilikimbia. Mimi, miaka sabini na moja, viatu vya mpira, katikati ya majani chai ya watu. Nikamwona chini barabarani chini ya mwavuli, hana boda, mvua imewafukuza wote. Nikapiga kelele: Mama Omosa, bonyeza! Imesimama! Bonyeza Tuma! Wachumaji wote wa chai wakainua vichwa. Ruth akapiga kelele na yeye: imesimamaje? Nikajibu: nimeisimamisha! Akauliza: na nani aliitembeza?

Kilima kizima kikasubiri jibu.

Nikasema bonyeza kwanza.

Akabonyeza saa kumi kasoro dakika nne.

Tulirudi pamoja. Nilibeba mwavuli.  Nyumbani akasema, Baba Omosa, Jumapili asubuhi utakwenda chemchemi. Jumatatu pia. Mpaka matokeo yatoke.


Jumatano, 18 Juni

Mgongo. Mabega. Chemchemi ile wameisogeza mbali, siyo ile ya zamani.

Leo kamati imekuja kukagua. Obwocha mbele. Nilitazama juu kwenye miti asije akadhani natazama miguu yake. Ogeto naye alikuja, eti kushuhudia haki. Alikuwa amevaa meno.

Wakaenda nyuma ya jiko. Obwocha akahesabu vichane kwa kidole, kwa Ekegusii, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya kumbukumbu.

Kumi na vinne.

Nikaomba arudie. Kumi na vinne! Ogeto ana kumi na viwili! Siku zote mkungu ulikuwa pale, nyuma ya jiko langu, na mimi nimeufunga waya uende kushindana na mkungu mdogo kuliko wenyewe!

Ogeto akanikaribia, akaniambia polepole kwamba mimi ndiye mtu pekee anayemjua aliyeiba alichokuwa nacho.  

Obwocha akamuuliza Ruth siri ya mkungu wake. Ruth akasema majivu, maji ya vyombo, na mwezi huu busaa mtungi mmoja na nusu.

Wakaandika. Wameandika kweli! Wataisambaza kwa wanachama kama ushauri wa kilimo.

Tangi ni la Ruth. Buya mono, vizuri sana. Limetangazwa kwa jina lake, Ruth, bila kunitaja hata kwenye mabano. Alisimama pale akaigusa ile ndizi kama anamshika mtoto kichwani. Akaniangalia.  Akaninusa. Kisha akatabasamu kidogo, maana wiki hii nanuka maji tu.


Jumapili, 22 Juni

Tangi limefika! Jeusi, nene, linang'aa. Ruth amelizunguka mara tatu. Amelifuta vumbi ambalo halipo.

Nimejifunza mengi katika siku hizi na nayaandika hapa yasipotee. La kwanza, uongo haufai. La pili nimelisahau.

Thamosi nimeiokoa kwenye ua. Nimekwangua yale maandishi ya zamani, nikaandika mapya: DAWA YA GOTI, MAMA OMOSA TU. Hatanusa dawa yake mwenyewe. Anaijua.

Firdaus alipiga simu kumpongeza Ruth. Fomu mbili tu zilipotea siku ile na wenyewe wameshazirudisha, ushirika haujamfukuza. Akaniambia mimi kwamba sasa picha yoyote ambayo pua na jina havipatani, inatupwa. Nikamuuliza kama na barua pia. Akasema barua atazishughulikia mwezi ujao, akipata nafasi. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema kuuliza tu.

Kwa hiyo shajara haiwezi tena kuitwa picha, imezoeleka. Obwocha amemwomba Ruth atume barua ya shukrani kwenye ukurasa. Ruth ameiandika vizuri, ina aya ya Zaburi. Mimi nimejitolea kuituma, kwa sababu nina uzoefu. Barua yake inaitwa shukrani.pdf. Shajara yangu nimeiita shukrani2.pdf na zimekaa pamoja. Nani anaweza kunusa shukrani? Na ile midomo ya kuku ya juu sikuiondoa, nimeongeza rangi. Mke wa Machogu, aliyeipata kwa wifi yake kule kwa Ogeto, ameniuzia siri ya rangi kwa kikombe cha dawa ya goti.

Natuma barua sasa hivi. Zinafanana kidogo lakini mimi siwezi kukosea, macho yangu ni mazima kabisa, ni kioo tu chenye ufa, na ufa umepita hapo hapo penye 2.

Haitatokea. Lakini ikitokea, Machogu, kwa kuwa hupokei simu zangu na ukurasa wa ushirika unausoma kila siku: tangi halina gata, ule mfereji wa kuleta maji ya bati. Maji ya mvua yanapita kando yake yanakwenda kwa Ogeto. Mabati yako yapo juu kwa sababu ya mikono yangu na siafu wale. Njoo kesho saa mbili unishikie ngazi.